MC Almasi na Harusi ya Kurui

Leodegar hakuwahi kuishika almasi maishani mwake. Hata kuiona hakuwahi, ukiondoa zile za kwenye matangazo ya simu, ambazo hung'aa kwa sababu kioo cha simu chenyewe kinang'aa. Jambo hilo halikumzuia kuizungumzia kila Jumamosi, kwa miaka kadhaa, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri chakula.

Alizaliwa Mahenge, akaja Kibaha akiwa kijana, akaajiriwa kutunza stoo katika taasisi moja ya umma. Stoo yenyewe ilikuwa na viti vibovu vinavyosubiri kufutwa kwenye orodha ya mali, na Leodegar alivitunza kwa uaminifu mkubwa visije vikaibiwa kabla ya kutupwa. Alijenga Tumbi, nyuma ya hospitali, akamwoa Stellamaris, muuguzi, mwanamke anayeongea kana kwamba maneno anayanunua. Walijaliwa binti mmoja, Juliana, ambaye siku hizi anafanya kazi Dodoma na hupiga simu Jumapili.

Uemsii ulimwangukia bila kuutafuta. Kulikuwa na sendofu ya kumuaga binti wa mfanyakazi mwenzake, na mshereheshaji aliyekodiwa kutoka Dar alikuwa amekwama kwenye foleni huko Kimara. Leodegar alipewa maiki kwa sababu alikuwa amekaa karibu nayo. Akasimama. Akatazama watu. Hakuwa na la kusema, kwa hiyo akasema kwamba binti yetu huyu ni almasi. Watu wakapiga makofi. Akaongeza kwamba ni almasi adimu. Makofi yakazidi. Akaona isiwe taabu, akaongeza kwamba ni ang'avu, ni safi, haina doa, haina mfano. Akina mama wakapiga vigelegele, mjomba mmoja akaja kumtuza mbele ya umma. Pale pale Leodegar akagundua kitu ambacho shuleni hawakumfundisha: mtu hahitaji kumjua anayemsifu. Anahitaji tu sifa za kutosha na spika nzuri.

Spika alikuwa nazo Dulla, mtu wa Mlandizi, rika lake, aliyekuwa na pikipiki ya matairi matatu ya kubebea vyombo vyake vya muziki. Wakaungana. Dulla alifunga nyaya, Leodegar alifunga maneno. Haukupita muda, Kibaha nzima ikawa inamwita MC Almasi, naye akashona suti ya kijivu yenye vidoti vinavyomeremeta kwenye kola, ili jina na mwili vifanane.

Kwa haki ya Mungu, alijituma. Hakutaka kubaki na maneno ya siku ya kwanza. Alisoma kwenye simu namna masonara wanavyoipima almasi, akakuta kuna mambo manne: mkato, rangi, usafi na uzito. Akayafanya mahubiri. Akisimama mbele ya bibi harusi alimweleza kwanza mkato wake, kisha rangi yake, kisha usafi wake. Uzito aliuacha mapema, baada ya harusi moja mtaa wa Picha ya Ndege ambako alimwambia bibi harusi aliyejaaliwa mwili kwamba uzito wake pekee unatosha kuwafilisi matajiri wa dunia. Shangazi wa binti yule alimfuata hadi kwenye maegesho.

Hayo yalikuwa makosa madogo madogo ya kazi. Kulikuwa na maharusi aliowatangaza kuwa ni wa milele kama almasi, wakaachana kabla mpiga video hajamaliza kuwahariri. Kulikuwa na Jumamosi moja alipowasifu mabibi harusi watatu, asubuhi, mchana na jioni, kila mmoja akamwita jiwe ambalo halijawahi kuonekana tena duniani. Ungewakusanya wote aliowaita adimu, ungehitaji kiwanja cha mpira. Lakini hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyekuwa akisikiliza. Watu walisikia kengele ya sauti tu, wakapiga makofi pale sauti ilipopanda.

Dulla ndiye aliyewahi kumgusia, siku moja wakiwa wanapakia spika, kwamba pengine ingefaa awe anauliza kidogo habari za maharusi kabla hajapanda jukwaani. Leodegar akamjibu kwamba almasi haiulizwi ilikotoka. Dulla hakubishana. Alikuwa na nyaya za kukunja.

Ndipo akaja Seifu. Kijana mpole, fundi umeme, anafanya kazi kwenye stesheni ya reli mpya pale Soga. Alikuwa amemsikia Leodegar kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzake, akavutiwa, akaja hadi stoo kumwomba akaongoze walima, karamu yake ya ndoa. Anaoa Kurui, ndani huko Kisarawe, na nikaha itafungwa asubuhi msikitini, kisha sherehe iwe mchana nyumbani kwa bibi harusi. Alitaka kueleza zaidi. Alisema kuna jambo moja kuhusu mchumba wake ambalo ni vizuri MC alifahamu, kwa sababu mama yake yeye Seifu, Bi Hajira, ana moyo mzito kidogo kuhusu jambo hilo. Leodegar akampigapiga begani. Alimwambia asiwe na wasiwasi, maneno ya kuwalainisha mama wa kila aina yeye anayo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bibi harusi, Ashura, aliwahi kuolewa. Aliolewa akiwa binti mdogo huko upande wa Mzenga, akaachika, akarudi Kurui, akaanza kuendesha mashine ya kusaga muhogo ya baba yake mdogo, Mzee Kibwana. Alimzidi Seifu miaka kidogo. Bi Hajira, aliyekuwa mjane na mkulima wa huko nje ya Mlandizi, alikuwa ameota kumwozesha mwanawe wa pekee mwali, si mtalaka. Alimkubali Ashura baada ya kuombwa sana na kaka zake, kwa sharti moja tu: habari ya ndoa ile ya kwanza isitajwe mbele ya watu wake. Ndugu wa pande zote mbili wakakubaliana. Kila mtu aliyehudhuria walima ule alijua kuna kitu kisichotajwa, isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyepewa maiki.

Siku ilipofika, Leodegar na Dulla walishika ile barabara ya vumbi ya kutoka Mlandizi, wakafika Kurui suti ya kijivu ikiwa imegeuka ya hudhurungi. Turubai lilishafungwa, pilau ilishaiva. Leodegar alilisoma jina la bibi harusi kwenye keki, ndiyo maandalizi aliyoyafanya. Alikuwa amejiwekea hazina nyingine. Wiki ile alikuwa amesoma safari nzima ya almasi, tangu shimoni hadi kidoleni, na aliona kwamba mahubiri ya mkato na rangi na usafi yamechuja. Kurui walikuwa wapate toleo jipya kabla hata ya watu wa mjini. Alijiona mkarimu.

Alianza vizuri. Aliwasalimia kwa salamu ya Kiislamu, akaikosea kidogo, wakamwitikia kwa huruma. Akawasimamisha maharusi. Ashura alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, amepambwa hina hadi viwiko, ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake. Seifu kando yake alikuwa anatokwa jasho. Bi Hajira alikaa mstari wa mbele na ndugu zake, wamevaa sare ya kitenge cha zambarau, mkoba umelazwa mapajani.

Leodegar akapaza sauti. Akasema kwamba wengi hutaja almasi bila kuijua. Wanadhani almasi huokotwa njiani ikiwa tayari inameremeta. La hasha. Hapo akashuka sauti, akaanza kutembea taratibu mbele ya jukwaa, maana alishaona kwamba ukitembea taratibu watu hudhani unafikiri.

"Almasi hii mnayoiona leo kwa bwana Seifu," alisema, "haikufika hapa kwa siku moja. Ilianza kwa mchimbaji, akaitoa shimoni. Ikaenda kwa mwoshaji. Ikaenda kwa mkataji. Ikaenda kwa madalali. Ndugu zangu, almasi hii imepita mikono mingi, na kila mkono ulioigusa umeiongezea mng'ao!"

Akanyamaza ili apishe makofi.

Kulikuwa na mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, naye ndiye peke yake aliyejibu. Leodegar akadhani hawajaelewa. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kusaidia, akarudia. Alisema mikono mingi, jamani, mikono mingi, na akainua mkono wake mwenyewe wakauone ulivyo mkono. Dulla, huko kwenye mitambo, aliishusha sauti ya maiki lakini alikuwa amechelewa.

Bi Hajira aliinuka. Hakupiga kelele. Aliwageukia ndugu zake, akasema kwa sauti ya kawaida iliyosikika hadi jikoni:

"Mnaona? Hata wa kukodi amejua."

Kisha akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti. Ndugu zake wakaanza kuinuka mmoja mmoja, sare ile ya zambarau ikapanda kama wingu. Mzee Kibwana akakimbilia mbele kuwazuia, akiwasihi kwamba huyo mtu ni mgeni, hajui asemalo, ni maneno ya madini. Seifu alikuwa anasema mama, mama, bila kuendelea. Ndoa ilishafungwa asubuhi, hilo halikuwa na shaka, lakini watu wote walielewa maana yake endapo mama mkwe ataondoka kabla ya chakula na kumwacha bibi harusi jukwaani. Ashura angeingia nyumba ile akiwa ameshatupwa nje.

Leodegar alisimama katikati na suti yake.

Ashura akashuka jukwaani. Alimfikia, akanyoosha mkono, na Leodegar akampa maiki kama mtoto anavyorudisha kitu alichokatazwa kushika.

"Shikamooni wazazi wangu," alisema Ashura. Wachache wakaitikia. "Mimi naitwa Ashura. Nasaga muhogo, na wengi hapa nimewasagia. Niliolewa kabla ya leo, nikaachika. Mmekatazwa kulitaja, basi nalitaja mimi. Huyu baba anasema nimepita mikono mingi. Haikuwa mingi. Ulikuwa mmoja, na ulikuwa unapiga."

Akaisogeza maiki mbali kidogo, akairudisha.

"Na kama kuna aliyeona mng'ao ulioongezwa na mkono ule, aje anionyeshe uko wapi. Mimi nimeutafuta sana."

Alimrudishia Leodegar maiki yake, na huo ndio uliokuwa ukatili mkubwa kuliko yote, kwa sababu sasa ilikuwa kwake tena na watu wote walikuwa wanamtazama.

Bi Hajira alikuwa amesimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alimtazama Ashura. Kisha akamtazama mwanawe, akamwuliza kama alikuwa akijua habari za kupigwa. Seifu akasema alijua. Bi Hajira akamkumbusha kwamba yeye aliambiwa watu wale hawakuelewana tu, wakaachana. Seifu akasema ndivyo Ashura alivyoomba isemwe, hakutaka kuonewa huruma. Mama yule akavaa kiatu chake cha pili bila haraka, akapanda jukwaani, akakaa kwenye kiti cha bwana harusi. Akapapasa kiti cha pembeni, Ashura akaja akakaa. Sherehe yote iliyobaki, Seifu aliisimamia wima kama mlinzi wa benki, na hakuna aliyemletea kiti.

"Na wewe baba," Bi Hajira akamwambia Leodegar, "kaa chini."

Leodegar akakaa. Dulla akaweka muziki, na hapo ndipo sherehe ilipoanza kunoga, jambo ambalo MC aliligundua kwa uchungu. Aliletewa sahani ya pilau, akala peke yake karibu na spika, huku akina mama wa jikoni wakipita na kumtazama kama wanavyotazama mvua ya siku ya kuanika mpunga.

Bila shaka kulikuwa na mtu aliyerekodi. Kufikia Jumatatu, kipande cha video kilikuwa kimeshafika Kibaha, Mlandizi, na pengine Mahenge. Kazini, wenzake waliokuwa hawajawahi kukanyaga stoo walianza kuja kuulizia viti. Jina la MC Almasi likafa kimya kimya, likazaliwa la MC Mikono. Harusi zilizokuwa zimemwekea nafasi zikaanza kupiga simu moja baada ya nyingine. Huyu tarehe imesogezwa, yule bajeti imeyumba, mwingine akasema kwa unyoofu kwamba bibi harusi anaogopa. Nafasi yake ikachukuliwa na Godbless, kijana wa Maili Moja mwenye nywele za kuchora, ambaye alikwenda na maneno yote ya Leodegar, adimu, ang'avu, isiyo na doa, akayatia midundo.

Leodegar alinuna. Alijiona kama mtaalamu aliyepelekwa kwa watu wasiostahili. Nyumbani alieleza mara kwa mara, bila kuulizwa, kwamba ile ilikuwa tamathali ya usemi, kwamba kisayansi almasi hupita mikono mingi kweli, na kwamba tatizo la vijijini ni watu kuchukua maneno jinsi yalivyo. Stellamaris alimsikiliza siku ya kwanza, ya pili, na nyinginezo, huku akipiga pasi sare zake. Siku aliyochoka, alisimamisha pasi.

"Baba Juliana, huyo dada yukoje?"

"Yupi?"

"Bibi harusi. Niambie kitu kimoja ulichokuwa unakijua juu yake siku ile, kabla hujapanda jukwaani."

Leodegar akafikiri. Akasema kwamba alikuwa anang'aa.

"Alikuwa amepakwa mafuta," Stellamaris akasema. "Kila bibi harusi anang'aa."

Kisha, kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameshaanza kuongea, aliendelea. Alimweleza kwamba wodini kwake wanaletwa wanawake waliovunjwa mkono na waume zao, na wakiulizwa husema wameanguka kisimani. Kuna mmoja alimfunga plasta mwaka ule ule ambao Leodegar, ukumbini, alikuwa amemtangaza kuwa ni almasi isiyo na doa, isiyo na kasoro. Hakumtaja jina. Alimwambia tu kwamba yule mwanamke alimtambua kuwa ni mke wa MC, akacheka, na kumwomba asimwambie huyo MC. Stellamaris akarudi kwenye pasi. Leodegar akatoka nje, akakaa kwenye tofali alilokuwa amelinunua kwa ajili ya ukuta ambao hakuujenga, na hakununa tena. Kilichomwingia kilikuwa kibaya kuliko kununa.

Aliomba ruhusa kazini, na stoo haikugundua kwamba hayupo. Mlandizi, Dulla alimsaidia kuchagua doti ya kanga. Ilichukua muda, kwa sababu safari hii Leodegar alisoma maandishi ya kila kanga mara mbili, akayafikiria, akauliza yanaweza kueleweka vipi na nani, hadi mwenye duka akahisi labda hawa ni watu wa ukaguzi. Mwishowe alichukua yenye maua makubwa na maneno ya kumshukuru Mungu, ambayo aliona hata Bi Hajira hawezi kuyageuza.

Mashine ya Ashura ilikuwa inanguruma Leodegar alipofika Kurui. Baada ya harusi Ashura alikuwa amehamia kwa Seifu, lakini siku za kusaga alirudi Kurui kufanya kazi yake, maana hakuna aliyemwambia aache. Kulikuwa na foleni ya watu wenye ndoo na viroba vya makopa, muhogo uliokaushwa. Walimtambua. Hakuna aliyemtukana; walimwonyesha tu mwisho wa foleni. Leodegar akasimama hapo na kanga yake, mtu pekee asiye na muhogo.

Zamu yake ilipofika alikuwa na hotuba tayari. Ashura alimwamkia, shikamoo baba, kwa adabu ileile ambayo angemwamkia mtu yeyote. Leodegar akaitikia marahaba, akafungua mdomo.

"Dada Ashura, wewe ni..."

Na hapo, kwa mazoea ya miaka, lile neno likamjia mdomoni likiwa kamili, na kivumishi chake. Akalimeza.

"Mimi ni nini?" Ashura akauliza. Hakuwa anamtania.

"Sijui," Leodegar akasema. "Nilikuja kukuomba msamaha kwa sababu sijui."

Ashura akaipokea kanga, akaisoma, akaiweka juu ya boriti mbali na unga. Akasema amesikia. Kisha akamwambia ashike mdomo wa kiroba, maana mtu wa kushika alikuwa ameenda kuswali. Leodegar akashika. Unga ukamwagika kiasi, akafundishwa namna ya kukunja mdomo wa kiroba, akashika tena. Kumbe kushika kiroba ni kazi. Ashura aliijua sauti ya ile mashine. Ilipobadilika kidogo tu aliizima na kukaza mkanda, na mzee mmoja alipoleta makopa yenye ukungu alimrudisha nayo nyumbani, akabishana naye, akashinda. Alikuwa mbishi. Alikuwa anaimba vibaya sana. Mtoto wa jirani aliyekuja na bakuli moja la muhogo alimsagia bila kumweka kwenye foleni, na mwanamke mmoja mwenye viroba vitatu alipolalamika, alimwambia viroba vitatu haviwezi kuwa na njaa kuliko bakuli moja.

Walipopumzika alimweleza habari kidogo. Bi Hajira, tangu siku ile, amekuwa mtu mwingine. Anakokwenda anasema mkwe wangu ana mdomo, anasema kama mtu anayesifia ng'ombe wa maziwa. Amemnyang'anya Seifu simu mara moja kwa kumkatiza Ashura akiongea. Leodegar aliposikia hivyo uso ukamkunjuka, mgongo ukanyooka, na Ashura akaliona hilo mara moja.

"Usijipongeze, baba," alisema. "Ungeweza kunivunjia nyumba siku ileile niliyoipata. Haikuvunjika, lakini si wewe uliyeishikilia."

Leodegar akarudi Kibaha akiwa mweupe wa unga hadi kwenye kope. Stellamaris alimpokea mlangoni, akamtazama, akamchotea maji.

Alidhani mambo yameishia hapo. Aliuza ile suti kwa Godbless, ambaye aliipunguza mikono. Jumamosi zake zikawa ndefu. Lakini msimu wa korosho ulipokaribia, Stellamaris alirudi kutoka kazini na mgeni: Bi Hajira, na kitambaa cheupe kwenye jicho moja. Alikuwa amekuja hospitalini kutibiwa macho, wakaongea na muuguzi, muuguzi akaulizwa anakaa wapi na nani, na kwa kuwa Stellamaris hajui kudanganya, akasema. Bi Hajira akaomba aletwe.

Leodegar alimwamkia akiwa amesimama. Bi Hajira hakuzunguka. Ana binti wa marehemu kaka yake, Zawadi, aliyemlea tangu mdogo, na anaolewa baada ya mavuno. Anataka Leodegar awe MC.

"Mimi, mama?"

"Wewe. Umeshakosea mbele ya watu, utaogopa. Hao wengine hawajakosea bado."

Akaweka sharti kwamba hataki kusikia jiwe la aina yoyote, hata kokoto. Leodegar akakubali kabla hajamaliza.

Safari hii alikwenda mapema, akakaa uani kwa Bi Hajira, akauliza. Aliuliza sana hadi watu wakachoka naye. Akaambiwa kwamba Zawadi anashona sare za shule, na kila mwaka hushona moja ya ziada ambayo hamwambii mtu ameipeleka kwa nani. Akaambiwa kwamba siku ya mafuriko alimbeba mgongoni bibi wa jirani hadi barabarani huku bibi mwenyewe akimtukana njia nzima. Akaambiwa pia kwamba anaogopa bata bukini kuliko nyoka, na kwamba bata mmoja wa jirani aliwahi kumweka ndani asubuhi nzima.

Siku ya harusi, Leodegar alipanda na shati la kawaida. Akasema hayo matatu, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayesimulia. Yule bibi wa mafuriko alikuwepo, akathibitisha kutoka alipokaa kwamba alimtukana kweli, na kwamba alistahili, alikuwa anamrusharusha. Watu wa upande wa bibi harusi wakacheka hadi wakashikana mabega. Upande wa bwana harusi walibaki wanatazamana.

Baada ya chakula shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa Mkuza aliyejipamba vilivyo, alimvuta pembeni. Alimweleza kwa upole wa kuudhi kwamba wiki iliyopita walikuwa kwenye harusi iliyoongozwa na Godbless, na huko bibi harusi alisifiwa hadi watu wakasimama kwenye viti. Sasa wao wametoka kote huko, wamevaa, wamechangia, wanakuja kuambiwa kwamba mke wao anaogopa bata. Akauliza kama hizo sifa nyingine zipo, au zilihitaji malipo ya ziada.

Leodegar aliangalia kwa Dulla, lakini Dulla alikuwa ameinama anakunja nyaya kwa makini ambayo nyaya hazihitaji. Akamwambia shangazi kwamba ndizo alizokuwa nazo. Shangazi akaondoka akitikisa kichwa, na kesho yake Kibaha ilisikia kwamba MC Mikono sasa amekuwa bahili wa sifa.

Maharusi walikuwa wanasindikizwa kwenye gari. Zawadi alipofika usawa wa spika alisimama, shela limekusanywa mkononi, wasimamizi wakagongana nyuma yake. Akamuuliza Leodegar ni nani aliyemwambia habari za bata. Leodegar akasema ni shangazi yake, Bi Hajira. Zawadi akamtafuta Bi Hajira kwa macho, akamkuta mlangoni na jicho lake lililopona, ameziba mdomo kwa upande wa kanga, na wote wawili wakacheka hadi dereva akazima gari.